Ufukwe Uko Hatua Chache Tu

Leo asubuhi, kabla sijapiga mswaki, nimetumiwa stika ambayo mtu aliyemo ndani yake ni mimi. Nimesimama kwenye maji ya mapajani. Koti la suti limeninata mwilini, kitambulisho cha mkutano kinaning'inia shingoni kikichuruzika, na kichwani nimebeba kiroba cha mwani. Mkono wangu mmoja umeshikwa na mama wa umri wa kunizaa, ambaye wala haniangalii. Anaangalia mbele, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Chini yake pameandikwa: NAKUJA.

Kundi la WhatsApp la washiriki lilitakiwa lifungwe siku mkutano ulipokwisha. Halikufungwa, limejipatia kazi nyingine. Mtu akichelewesha ripoti, anatuma stika. Akiulizwa amefika wapi, stika. Jana mjumbe mmoja wa kamati ya maandalizi, mtu mzima, mwenye wajukuu, ameitumia kujibu taarifa ya msiba. Baadaye akasema kidole kiliteleza.

Nataka lawama ziende zinakostahili, nazo zinastahili kwenda ukurasa wa mwisho wa kitabu cha ratiba. Wote mliowahi kuhudhuria mikutano mnaujua ukurasa huo. Unapokea mkoba wenye kalamu, daftari, fulana ya saizi ya XXL hata uwe mwembamba namna gani, na kitabu cha ratiba. Na nyuma kabisa, baada ya matangazo ya wafadhili, kuna ukurasa unaoitwa Mambo ya Kufanya Ukiwa Mgeni Wetu. Ukurasa huo huandikwa na mtu ambaye hajayafanya. Huyajua mambo yenyewe kwa kuyanakili kutoka ukurasa wa mkutano wa mwaka uliopita, ambao nao ulinakiliwa. Wetu uliorodhesha Mji Mkongwe, misitu, visiwa, viungo na vyakula vya usiku, kisha, kwa kuwa mkutano ulikuwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ukaongeza sentensi ambayo sasa naijua kwa moyo: "Ufukwe uko hatua chache tu kutoka ukumbini na unafaa kwa matembezi mafupi wakati wa mapumziko ya chai."

Chai ilikuwa saa nne. Kikao kilichofuata kilikuwa cha salamu za wafadhili, na mimi salamu hizo nilikuwa nimeshazipokea jana yake, kutoka kwa wafadhili hao hao. Mada yangu ilipangwa saa nane mchana. Nikachukua karatasi zangu za slaidi, sambusa mbili kwenye kitambaa cha karatasi, nikatoka.

Bahari haikuwepo.

Jana yake tulipofika, mnamo saa kumi alasiri, ilikuwa inapiga ukuta wa hoteli. Tulipigia picha mawimbi tukiwa tumekaa vitini. Sasa palikuwa na mchanga mweupe, uliolowa, ulionyooka mpaka macho yanachoka. Ngalawa zimelala ubavu. Vidimbwi vya hapa na pale. Na mbali sana, mahali ambapo mtu wa bara angedhani ndipo dunia inapoishia, mstari mwembamba wa povu kwenye mwamba. Kati yangu na mstari ule kulikuwa na watu wameinama, wadogo, hawatambuliki ni wanawake au wanaume. Kwetu maji yakiondoka yameondoka; unasubiri masika. Kwa hiyo haikunijia akilini kwamba haya yalikuwa yametoka kidogo tu na yameacha ujumbe kwamba yanarudi.

Nikavua viatu, viatu vya kufunga kamba, vipya, vilivyonunuliwa kwa ajili ya kusimama mbele ya watu. Nikakunja suruali. Nikatembea. Wala sioni ni nani angeweza kuacha kutembea: Mungu amekufunulia sakafu ya bahari bure, bila kiingilio, na huko ndani wanasoma salamu. Nikaona kiti cha pweza, yaani yule mnyama wa umbo la nyota, na mtoto aliyenionyesha akanicheka nilipouliza mwenyewe yuko wapi. Nikaona wadudu wenye miiba mirefu myeusi, nikawapisha kwa heshima. Nikaenda, nikaenda, mpaka nikafika kwenye fungu la mchanga lililoinuka, safi, kavu, lenye upepo mzuri. Nikageuka kuitazama hoteli. Ilikuwa na ukubwa wa kiberiti.

Hapo nikapata wazo la kufanya mazoezi ya mada yangu kwa sauti.

Mada yenyewe, ni lazima niitaje kwa kuwa kila mtu kwenye kundi anaitaja, ilihusu kupanda kwa kina cha bahari. Nilikula sambusa, nikasafisha koo, nikaanza. Nilisalimia meza kuu. Nilishukuru waandaaji. Niliwaeleza ngalawa na ndege wa pwani kwamba kina cha bahari duniani kinapanda kwa wastani wa milimita 3 hadi 4 kwa mwaka, nikanyamaza kidogo ili takwimu iwaingie. Nikarudia sehemu ya utangulizi kwa sababu sikuipenda. Nikatania kidogo, nikapima kama utani unafaa. Nilipofika kwenye grafu, ile yenye mstari mwekundu unaopanda, nikanyoosha mkono kuuonyesha mstari, na kwa chini ya mkono nikaona kwamba kiatu changu cha kushoto kinaelea.

Naomba nafasi hapa, kwa sababu tangu siku ile sijalala vizuri kwa kusoma habari za maji kujaa na kupwa, na nyumbani hakuna tena anayekubali kunisikiliza.

Mwezi huyavuta maji ya bahari. Hilo tulifundishwa shuleni. Ambalo sikulikumbuka ni kwamba jua nalo huyavuta, kwa nguvu iliyo chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi, na kwamba mambo yote hutegemea kama wawili hao wanavuta upande mmoja au wanapingana. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa kwenye mstari mmoja, nguvu zinajumlishwa, na bahari hupandwa na kichaa: hujaa sana, hupwa sana. Watu wa pwani huita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, wanavuta kwa pembe, kila mmoja akimharibia mwenzake, na maji hayendi mbali wala hayaji sana; hayo ni maji mafu. Bamvua, maji mafu, bamvua, maji mafu, hivyo mwezi mzima. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwandamo, mtu wa Paje anayejua leo ni mwezi ngapi anajua pia bahari itafanya nini, bila kufungua simu. Mimi nilikuwa na simu yenye kamera tatu.

Kisha kuna hili ambalo limenifurahisha mpaka nimesahau kwa muda kwamba lilitaka kuniua. Mwezi hausubiri, kila siku unachelewa, kwa hiyo maji nayo huchelewa, wastani wa dakika 50 kwa siku. Ungedhani basi siku ya bamvua maji yanaweza kupwa saa yoyote. Hapana. Kwa kuwa hali ya mwezi ndiyo inayoleta bamvua, na hali hiyo hiyo ndiyo inayopanga saa ya maji, mahali pamoja bamvua hurudi karibu saa zile zile. Kwa Unguja maji ya bamvua hukauka kwenye saa nne hivi, asubuhi na usiku, na hujaa kwenye saa kumi hivi. Yaani kila bahari inapokwenda mbali kuliko siku zote, inakwenda wakati wa chai. Ratiba ya mikutano ya kimataifa na bahari ya Paje zimepangwa na mkono mmoja.

Na maji hayarudi kwa mwendo wa sare. Mabaharia wana hesabu ya zamani: gawanya mpando wote katika sehemu 12, kisha zigawe kwa saa sita. Saa ya kwanza bahari hupanda sehemu 1. Saa ya pili, 2. Ya tatu, 3. Ya nne, 3. Ya tano, 2. Ya sita, 1. Chukua mpando wa mita 3.6, kiasi ambacho bamvua la Unguja halishindwi kukifikia, na hesabu inakuwa rahisi hata kwa mtu aliyelowa: saa ya kwanza sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90. Mtu aliyetoka wakati wa chai anaiona saa ya kwanza, anaona vidimbwi vimenenepa kidogo, anasema ni uzuri wa mandhari. Ya pili anakuwa kwenye utangulizi wa mada yake. Ya tatu inamfuata.

Sentimita 90 kwa saa ni milimita 15 kwa dakika. Grafu yangu, ile ya mstari mwekundu, ilikuwa inaipa bahari miaka minne kupanda milimita 15. Nilikuwa nimesimama nikiwa na ushahidi wa miaka minne kila dakika moja, na miguu yangu ndiyo ilikuwa kifaa cha kupimia.

Hata hivyo nisingeogopa kama maji yangekuja kwa mbele, kutoka kwenye mwamba, mtu akayaona yakija akarudi nyuma taratibu na adabu zake. Hayaji hivyo. Ndani ya mwamba sakafu si tambarare kama inavyodanganya ikiwa kavu. Kuna mikondo, mabonde ya chini chini, na maji huingia kwenye milango ya mwamba na kufuata mabonde hayo kwanza. Fungu ulilosimama hubaki kavu mpaka mwisho, ndilo linalokupa imani. Huku nyuma yako, kati yako na hoteli, mto unajengwa kimyakimya. Nilipogeuka, fungu langu lilikuwa kisiwa na kiatu cha kushoto kilikuwa kinaelekea Oman.

Siwezi kusema nilipiga kelele. Nilipaza sauti.

Aliyenisikia alikuwa mama mmoja aliyekuwa akirudi ufukweni akivuta kiroba juu ya maji kwa kamba, amejifunga kanga kiunoni juu ya nguo zilizolowa zamani. Alisimama upande wa pili wa mkondo akanitazama juu mpaka chini: koti, tai, kitambulisho, karatasi. Maji yalikuwa yamenifika magotini. Nikasema, "Mama, samahani, naomba..."

Akanyamaza. Akawa anasubiri kitu. Nikaelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"U hali gani?"

"Nzuri, mama, ila maji..."

"Za huko mtokako?"

"Njema."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Maji yalikuwa yanapita magoti.

"Wote?"

"Wote, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na ndipo akaanza kuja. "Leo mwezi kumi na sita, bamvua hili. Hukwambiwa?"

Nikamwambia nimetoka hotelini, kwenye mkutano. Akauliza huko ndani tunazungumza nini. Nikasema tunazungumzia kina cha bahari. Akauliza kina cha bahari kimefanya nini. Nikasema kinapanda.

Akayatazama maji, akanitazama mimi.

"Mmejuaje?"

Sikujibu. Hakuna slaidi ya swali hilo.

Akauliza kama mikono yangu ina kazi. Nikamwonyesha karatasi. Akazichukua, akazikunja, akazichomeka kwenye fundo la kanga yake, akanitwika kiroba kichwani. "Wenda huko huko," akasema. Hiyo ndiyo sababu ya kiroba, na naomba wale wanaodai kwenye kundi kwamba nilijitwika mwenyewe ili nionekane mzalendo waache. Mwani mbichi ni maji yaliyovaa nguo. Kila hatua ulinimwagia bahari shingoni, ikashuka kwenye kola, ikapitia ndani ya koti, ikatokea kwenye soksi ambazo kwa sababu nisiyoijua nilikuwa bado nimezivaa. Simu ilikuwa mfuko wa ndani. Hatukwenda moja kwa moja kuelekea hotelini, ingawa niliiona pale mbele na nikataka kwenda. Alinivuta upande wa kaskazini, tukarudi kusini, tukapinda tena, tukifuata mgongo wa mchanga ambao yeye aliuona kwa nyayo. Kila nilipojaribu kukata njia alinishika mkono kwa nguvu zaidi. "Hapo hapana chini," akasema mara moja tu.

Njiani akanieleza kazi yake, kwa sababu nilimuuliza, na nilimuuliza ili nisifikirie kifo. Kilimo cha mwani kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, huku huku Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Miaka mingi kabla yake Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshaandika na kuhimiza kwamba mmea huu unaweza kuwa zao. Unapigilia vijiti kwenye mchanga, safu mbili. Unavuta kamba kati yake. Kwenye kamba unafunga vipande vya mwani kwa vikamba vidogo, kimoja kimoja, kwa vidole. Wiki sita hivi, unavuna. Lakini shamba liko chini ya bahari, na bahari hukufungulia mlango siku za bamvua tu, saa chache, kwa hiyo kazi yote ya kupanda, kupalilia na kuvuna inabanwa kwenye siku hizo na saa hizo, umeinama, maji ya chumvi mpaka kiunoni, jua likiwa juu na jua jingine likitoka chini. Kiwandani, ng'ambo, mwani hutolewa kitu kinachoitwa karajinani, ambacho huufanya ugiligili kuwa mzito ukae mahali pake. Kimo kwenye aiskrimu. Kimo kwenye dawa ya meno. Naupiga mswaki kila siku mwani wa mtu.

Aina ziko mbili. Spinosamu hustahimili lakini bei yake ni ya chini. Kotonii hulipa vizuri zaidi lakini haitaki maji ya joto. Maji ya kina kifupi yakipashwa na jua kupita kiasi, inakuwa nyeupe, inalegea, inakatika. Zamani, akasema, ilimea hapa hapa tunapokanyaga. Siku hizi inataka ipelekwe kwenye maji marefu, na maji marefu yanataka chombo na kujua kuogelea, na wakulima wengi wa mwani ni wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kuogelea. Kwa hiyo wamebaki na ile ya bei ya chini. Jambo hili lote lilikuwemo kwenye mada yangu. Lilikuwa slaidi ya kumi na moja, kona ya kulia, kwa herufi ndogo, chini ya kichwa kinachosema "Athari Nyingine."

Nikamwambia kesho yake kuna kikao kizima kuhusu mwani, kinaitwa Sauti ya Mkulima. Nikauliza kama atakuja. Akasema alikwisha kuja. Siku ya ufunguzi walichukuliwa wanawake ishirini hivi kwa gari, wakaimba wakati mgeni rasmi anaingia, wakapewa fulana, wakarudishwa kabla ya chakula. Fulana ilikuwa kubwa mno, akasema, ameifanya pazia.

Nilikuwepo. Nilipiga makofi. Na kikao cha Sauti ya Mkulima nilihudhuria pia: meza ilikuwa na wanaume watatu na mshauri elekezi mmoja, wote wanaolipwa posho ya siku, na mmoja wao akatueleza kwamba changamoto kubwa ni kuwa wakulima hawajajengewa uwezo. Yule mama alinitajia bei anayolipwa kwa kilo moja ya mwani mkavu. Siiandiki hapa, kwa sababu hubadilika, na anayeibadilisha si yeye. Ila chupa ya maji ya nusu lita, ile iliyowekwa mbele ya kila mshiriki, kwenye baa ya hoteli iliuzwa zaidi ya hapo. Kupata kilo moja kavu unahitaji kilo saba mbichi au zaidi. Kiroba kile kilichonivunja shingo, nikikikadiria kilo 30, kingetoa kavu kilo nne. Mezani kwangu niliacha chupa mbili zilizofunguliwa, hazikunywewa hata nusu, na mhudumu akazimwaga kwenye maua. Mtu asiniambie habari ya uwezo.

Haya. Tulifika ufukweni saa saba kasoro, wakati chakula kimetoka, wakati washiriki wote wamehamia kwenye baraza linalotazama bahari na sahani zao mkononi. Vijana wa Kizungu waliokuwa wakiandaa tiara zao za kutelezea juu ya maji wakatupisha. Kulikuwa na ukimya, kisha kijiko kikaanguka, kisha simu zote zikainuliwa kwa pamoja. Mtu mmoja, ambaye sitamtaja lakini anajijua, akasema kwa sauti kwamba huo ndio ushirikishwaji wa jamii. Yule mama akanitua kiroba, akanirudishia karatasi zangu, ambazo kwenye fundo la kanga zilikuwa zimebaki kavu kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Nikatoa pesa kwenye pochi, noti imelowa. Akakataa. Akasema mzigo nimebeba mimi, kwa haki yeye ndiye angenilipa. Nikamsihi, akakataa, nikamlazimisha, akachukua elfu kumi ili kunisitiri mbele za watu, akaenda zake kuanika.

Saa nane nilisimama kuwasilisha nikiwa nimevaa fulana ya XXL na kikoi cha mhudumu. Nilipigiwa makofi kabla sijafungua mdomo. Nilipofika kwenye milimita 3 hadi 4, ukumbi wote ulishika mbavu kwa kicheko, na mwenyekiti wa kikao ilibidi atoke nje. Swali lilikuwa moja tu: kama vipimo vyangu nilivikusanya mwenyewe.

Mambo mengine ya ukurasa ule niliyafanya pia, maana nililipiwa siku mbili zaidi na sikutaka kukaa hotelini. Mjini tulipelekwa kuingia Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo tuliishia kwenye uzio wa mabati. Ndani ya Mji Mkongwe nilipotea, nikauliza njia kwenye baraza la wacheza bao, wakanielekeza, nikazunguka, nikatokea kwenye baraza lile lile, wakanipa kahawa bila kuuliza kitu. Jozani nilijifunza kwamba kima punju hula mkaa ili kutuliza sumu ya majani wanayokula, na kwamba ukisimama chini ya mti wao kusikiliza maelezo hayo unahitaji kofia. Kizimkazi pomboo hawakuja. Forodhani nililipa pweza mara mbili, mara ya pili kwa mtu ambaye hakuwa muuzaji. Kisiwani Changuu wako kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mmoja alikula kitabu changu cha ratiba, na akaanzia nyuma.

Kilichobaki ni masurufu. Fomu ya marejesho ina safu ya nauli, safu ya malazi na safu ya chakula. Viatu sikuvidai, najua nchi ninayoishi. Lakini ile elfu kumi niliiandika, kwa ukweli wangu wote, kwenye safu ya mengineyo. Mhasibu akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniuliza ni ya nini. Nikasema ya huduma. Akauliza huduma gani. Nikasema uokoaji baharini. Akauliza risiti iko wapi. Nikamweleza kwamba mtoa huduma alikuwa na kanga, haikuwa na mfuko. Akavua miwani, akaifuta, akasema hilo la risiti tunaweza kulitafutia njia, nitaandika dokezo. Tatizo lake yeye ni wakaguzi. Akaniuliza kama, kabla ya kumteua yule mama, nilichukua bei za watoa huduma wengine wawili.